Mzigo Mmoja wa Watu Wawili

Maneno haya yalisemwa redioni, na sasa yamepigwa chapa ili kila mtu ayasome mwenyewe polepole. Ukikuta neno gumu, liache kwanza, endelea mbele, kisha urudi.

Leo nataka kusema juu ya mzigo. Sisemi mzigo wa lori wala wa mkokoteni. Nasema ule ambao mume na mke huubeba kwa miili yao wenyewe wanaposafiri kwa miguu, wakalala njiani mara moja au mbili, kisha wakafika.

Mfano wetu ni Uchindile. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, Uchindile ni mahali ambapo treni hukufikisha lakini haikumalizii safari. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na mwaka 1975, yapita katika bonde la Kilombero, Ifakara na Mlimba, kisha yapanda milimani kwa madaraja na mahandaki mengi mpaka Makambako. Uchindile iko katika sehemu hiyo ya kupanda. Ukishuka stesheni na vitu vyako, treni yaenda zake, nawe wabaki na vilima na misitu na njia. Siku hizi pikipiki zipo, ni kweli. Lakini mvua za masika zikikolea, udongo ukawa kama sabuni, mwenye pikipiki mwenyewe huteremka akaisukuma. Sababu ya pili ni kwamba huko ndiko nilikojifunza somo hili, nami ada yake niliilipa kwa sukari.

Sikilizeni. Mimi na mama watoto tulikuwa twaenda ukweni, kwa wazazi wake, mwendo wa kutwa nzima kutoka stesheni na asubuhi ya siku ya pili. Ulikuwa mwezi wa tatu. Mimi nilibeba sanduku la bati begani. Mke wangu alibeba kichwani furushi kubwa la shuka na nguo, na mkononi ndoo yenye sufuria mbili, vikombe, unga na mchele. Ndani ya sanduku langu mlikuwa na suti, jozi mbili za viatu vya ngozi, blanketi, tochi, pasi ya mkaa, na kilo 5 za sukari kwa ajili ya mama mkwe. Ndiyo, pasi ya mkaa! Nilitaka wakwe zangu wanione mtu aliyenyooka. Kibiriti kilikuwa mfukoni mwangu. Chakula chote kilikuwa kwa mke wangu.

Jioni tulifika kwenye kijito. Maji yalikuwa ya magotini. Nikatangulia. Katikati nikakanyaga jiwe lenye utelezi, nikaanguka, sanduku likafunguka. Nililishika, lakini lilikuwa limekwisha kunywa maji. Nikatambaa mpaka ng'ambo. Nilipogeuka kumwita mke wangu avuke, niliona maji yamekuwa mekundu na yamepanda. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, sisi hatukuiona. Nikampigia kelele asivuke. Basi usiku ukatukuta hivyo, mimi upande huu, yeye upande ule.

Sasa tazameni jinsi tulivyokuwa. Yeye alikuwa na unga na sufuria na shuka kavu, lakini hana moto wala mwanga. Mimi nilikuwa na kibiriti kilicholowa, tochi iliyoingia maji, blanketi lililolowa, na pasi. Tuliitana usiku kucha ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake yu hai. Alfajiri maji yalipungua, naye akavuka. Midomo yangu ilikuwa haitulii kwa baridi. Tulifika ukweni saa nne za asubuhi. Sukari ilikwenda na maji. Pasi ilifika salama.

(Mwalimu wa darasa asimamishe hapa kidogo. Wanafunzi waseme: kosa lilikuwa wapi?)

Wengine watajibu kwamba kosa lilikuwa la mvua. Mvua haina kosa, mwezi wa tatu ni wake. Kosa lilikuwa letu, tena lilianza nyumbani kabla hatujapanda treni. Tulibeba vingi visivyo na kazi. Na hata vile vyenye kazi tulivigawa kana kwamba mume na mke hawawezi kutenganishwa na kitu chochote njiani.

Basi tuanze upya, toka nyumbani. Siku tatu kabla ya safari tandikeni mkeka. Baba aweke juu yake kila kitu anachotaka kuchukua. Mama naye aweke vyake. Msitie kitu ndani ya mfuko bado. Kisha tazameni mkeka pamoja, mtafute pacha. Sufuria mbili? Moja irudi jikoni. Visu viwili vikubwa? Kimoja kirudi. Miswaki haihesabiwi kuwa pacha, wala sitaki mtu anicheke. Nimesoma kwamba huko Marekani wapo wasafiri wa miguu ambao hukata mpini wa mswaki ili kupunguza uzito. Mswaki wa mti unaokatwa njiani haudai taabu hiyo.

Baada ya kutoa pacha, chukueni mizani. Mwenye duka atawaazima ile ya kuning'iniza. Pimeni kitu kimoja kimoja, mwandike katika daftari: jina la kitu, kisha uzito wake. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapofanya kazi. Macho hudanganya sana katika mambo ya uzito. Baada ya safari yetu nilipima vitu vyangu, nikaandika hivi: sanduku tupu kilo 4, pasi kilo 3, viatu kilo 2, suti kilo 2, blanketi kilo 2, sukari kilo 5. Jumlisheni wenyewe. Ni kilo 18. Katika hizo, za mama mkwe zilikuwa 5 tu. Sanduku peke yake, kabla ya kutiwa hata sindano, lilikuwa karibu sawa na sukari yote. Nilibeba bati.

Je, mtu abebe kilo ngapi? Mwaka 1986 wataalamu waliandika juu ya uchunguzi uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Waliona ya kuwa wanawake hao, ambao walizoea kazi hiyo tangu utoto, waliweza kubeba mzigo hata kufika sehemu ya tano ya uzito wa mwili, na miili yao haikutumia nguvu zaidi kuliko walipotembea mikono mitupu. Mzigo ulipozidi hapo, nguvu zaidi zilihitajiwa. Basi nasi tuchukue sehemu ya tano kuwa kipimo chetu. Mwenye kilo 60 abebe kilo 12. Mwenye kilo 50 abebe kilo 10. Kwa watu wawili hao ni kilo 22, pamoja na maji na chakula.

Atasimama mzee mmoja aseme: mbona wapagazi wa zamani walibeba kilo 30? Ni kweli, mzee. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya namna hiyo kati ya bara na pwani, na hata lile neno mtumba, ambalo leo twalitumia kwa nguo zilizokwisha valiwa, lilikuwa jina la mzigo wa nguo uliofungwa kwa ajili ya mpagazi. Lakini watu wale kazi yao ilikuwa hiyo. Tena lipo jambo ambalo wengi hulisahau. Wapagazi wengi walisafiri na wake zao, na wake hao ndio waliobeba vyungu, mikeka na chakula. Mume alibeba mali ya tajiri, mke akabeba nyumba yao. Kama mke asingaliibeba nyumba, mume asingalifika na pembe. Sisi leo hatuna pembe ya tajiri begani. Tuna nyumba yetu tu, basi tuigawane.

Sasa nije katika jambo ninalotaka lishike zaidi ya yote. Vitu vya mume na mke katika safari ni vya namna mbili. Viko vya shirika, na viko vya kila mtu. Vya shirika ni vile ambavyo kimoja chatosha wawili: sufuria, chandarua, kivuli cha kulalia, blanketi, panga, sabuni, kamba. Hivi hugawanywa kwa uzito. Vya kila mtu ni vile ambavyo ukitenganishwa na mwenzako usiku mmoja, kukosa kwake kwaweza kukuumiza au kukuua. Hivi havigawanywi hata kidogo. Kila mmoja awe na maji yake, kibiriti chake, mwanga wake, nguo moja kavu, na chakula cha mlo mmoja kisichohitaji kupikwa. Kama mmoja anatumia dawa kila siku, dawa hiyo ikae mwilini mwake mwenyewe, si katika mfuko wa mwenzake.

Mtu atauliza: huku si kuongeza mzigo? Kibiriti cha pili ni uzito wa majani. Pimeni, mtaona. Mimi nilibeba kilo 3 za pasi, nikaona uzito wa kumpa mke wangu kibiriti! Kibiriti hicho kifungeni katika nailoni mara mbili, na kila mmoja akiweke mahali pasipofikiwa na maji. Siku hizi simu nyingi zina mwanga. Basi simu nayo ifungwe katika nailoni, na mchana izimwe ili isije kufa usiku unapoihitaji.

Tupite kwenye kuvitengeneza vitu, kwa maana si lazima kununua. Karibu kila kitu chepesi tunachokihitaji kimo nyumbani, ila kimefanywa kwa kazi nyingine.

Mfuko kwanza. Acheni sanduku, acheni ndoo. Chukueni kiroba cha nailoni kilichokuwa na unga wa kilo 25. Chenyewe hakina uzito wa kutajwa. Mpelekeeni fundi wa cherehani, ashone mikanda miwili ya kupitisha mabegani, ya kitenge kilichokunjwa mara nne au cha suruali nzito iliyochakaa. Upana wa mkanda uwe vidole vinne. Kamba nyembamba hukata bega kama msumeno. Mtu akiniambia kwamba amejifungia kiroba kwa kamba ya katani najua kwamba hajaenda mbali. Kule juu mikanda ishonwe karibu karibu, kule chini iachane. Ongezeni mkanda wa tatu wa kufunga kiunoni, ili nyonga nazo zisaidie mabega. Ndani ya kiroba tieni mfuko mzima wa nailoni, na mdomo wake uukunje mara mbili kabla ya kufunga. Kiroba huzuia miiba, nailoni huzuia maji. Hapo mnalo shanta.

Kulipanga nako kuna njia yake. Blanketi na nguo chini. Vitu vizito, kama unga na zawadi, karibu na mgongo, kati ya mabega. Ukiviweka nyuma mbali, vitakuvuta kama mtoto anayelia. Upande unaogusa mgongo laza kanga iliyokunjwa, la sivyo mpini wa sufuria utakukumbusha njia nzima.

Wapo akina mama watakaosema kwamba wamezoea kichwani na hawataki mkanda. Siwalazimishi. Njia ikiwa tambarare na kavu, ngata nzuri kichwani yashinda mkanda mbaya begani. Lakini milima ya Uchindile hainyooki. Mwenye mzigo kichwani akiteremka haoni vizuri anapokanyaga, na akiteleza mikono yake i juu. Na kama kuna mtoto mgongoni, jambo limekwisha. Mtoto naye ni mzigo, apimwe! Mtoto wa kilo 8 amekwisha kula karibu fungu lote la mama mwenye kilo 50. Mama huyo amebakiwa na kilo 2, yaani maji yake na vile vitu vyake ambavyo havigawanywi. Vingine vyote ni vya baba. Tumezoea kumwona baba mbele na fimbo, mama nyuma na nyumba nzima. Wazee walieleza kwamba mikono ya mume ilitakiwa iwe huru kwa sababu ya wanyama na maadui. Sababu hiyo ilikuwa nzuri ilipokuwa nzuri. Shanta huacha mikono yote miwili huru, ya baba na ya mama, na fimbo waweza kuishika kila mmoja yake.

Sasa malazi. Nunueni nailoni ngumu, mita 3 kwa mita 3, ile inayofunikia tofali na mpunga. Wengi huitoboa pembeni ili wapitishe kamba, na upepo ukija shimo hupasuka mpaka katikati. Msiitoboe. Chukueni kijiwe cha mviringo, kikubwa kama jicho la ng'ombe, kiwekeni kwenye pembe ya nailoni, mkunje nailoni juu yake, kisha mfunge kamba chini ya kijiwe kama mtu afungaye shingo ya mfuko. Haitoki wala haipasuki. Fungeni kamba moja kati ya miti miwili, nailoni ipite juu yake, pembe nne zivutwe chini. Mlale mahali palipoinuka, mbali na mkondo wa maji hata kama umekauka. Mwaka 1955 bibi mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67 na mama wa watoto 11, alitembea peke yake njia ndefu ya milimani ya zaidi ya kilomita 3,000. Mfuko wake alikuwa ameushona mwenyewe, akauning'iniza begani, na kinga yake ya mvua ilikuwa pazia la plastiki la bafuni. Basi mtu asione haya kwa nailoni ya mpunga.

Blanketi: moja pana kwa wawili, si mbili nyembamba. Joto la watu wawili chini ya blanketi moja halina uzito wala bei. Wapo mume na mke, Ray na Jenny Jardine, ambao walitembea mara tatu njia ya Marekani ya magharibi inayotoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Kanada, zaidi ya kilomita 4,000, mwaka 1987, mwaka 1991 na mwaka 1994. Mara ya kwanza mzigo wa Bwana Jardine, bila chakula na maji, ulikuwa kama kilo 11. Mara ya tatu ulikuwa kama kilo 4. Hawakupata nguvu mpya. Walishona vitu vyao wenyewe, wakaacha hema wakatumia turubai, wakaacha mifuko miwili ya kulalia wakashona mfarishi mmoja wa kujifunika wawili. Lakini kumbukeni, baridi ya usiku huja kutoka chini pia. Huko Uchindile mwezi wa sita na wa saba baridi si mchezo. Kateni majani makavu, mtandike viroba vitupu juu yake, kisha ndiyo mlale.

Chandarua sitaki kusikia kwamba kimeachwa kwa sababu ya uzito. Chandarua cha siku hizi hakifiki kilo moja, na kile cha duara hutaka kamba moja tu ya kukining'iniza. Wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa, katika miaka ya 1990, mahali pa mradi mkubwa wa kueneza vyandarua vilivyotiwa dawa, na watafiti wa Ifakara walionyesha kwamba vyandarua hivyo viliokoa maisha ya watoto wadogo. Nanyi kabla ya kufika milimani mmepita bondeni, na pengine treni ikachelewa mkalala stesheni.

Chakula nitakisema kwa ufupi, kwa kuwa kila nyumba ina desturi yake. Acheni nyumbani chakula chenye maji mengi: muhogo mbichi, viazi, ndizi, samaki wabichi. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na maji mtayakuta njiani. Chukueni unga, mchele, dagaa, au kambale aliyekaushwa kwa moshi. Maharage mabivu ni mazuri lakini makavu huchemka mpaka mwezi unatoka, tena yataka kuni nyingi. Karanga zilizokaangwa ndizo rafiki wa msafiri. Kilo moja ya karanga hutia mwilini nguvu kama mara moja na nusu ya kilo moja ya unga, wala hazihitaji moto. Hizo ndizo za ule mlo mmoja ambao kila mtu ajichukulie. Nusu kilo ya unga au mchele kwa mtu mmoja kwa siku yatosha, na kitoweo.

Maji ni mazito kuliko vyote, na hayapunguziki: lita moja ni kilo moja. Usibebe dumu. Kila mmoja awe na chupa za plastiki za lita mbili kwa jumla, azijaze kila apatapo maji. Maji ya kijito yachemsheni jioni mnapopika, au mtie dawa ya maji kama maelezo yake yasemavyo, ili kesho mwe na ya kunywa.

Viatu: msichukue jozi ya pili ya ngozi. Uzito ulio mguuni huchosha zaidi kuliko uzito huo huo ukiwa mgongoni, kwa maana mguu huuinua kila hatua. Raba nyepesi za kutembelea, na kandambili za jioni na za kuvukia maji yenye mawe. Katambuga nazo ni nzuri kwa anayezizoea.

Juu ya kuvuka, hapa nawaomba muwe wagumu wa masikio kwa mtu yeyote anayewaharakisha. Maji ya milimani hupanda upesi na hupungua upesi. Yakiwa mekundu, yakiwa na vijiti na majani, ngojeni. Kulala njaa upande mmoja pamoja ni heri. Yakiwa mazuri, vukeni pamoja, mmoja asitangulie peke yake kama mimi. Fungueni mkanda wa kiunoni, na mkanda mmoja wa bega uulegeze, ili ukianguka uweze kuliacha shanta liende. Shikaneni, mwenye nguvu zaidi akae upande maji yanakotoka, na fimbo mkononi.

Zawadi nimeiacha nyuma makusudi. Wasafiri wa Marekani niliowataja hawakuwa wakienda ukweni. Wao wangeweza kufika na mfuko mtupu, wakaoga, wakalala. Sisi tukifika mikono mitupu, habari yetu itafika kijiji cha tatu kabla hatujanawa miguu. Basi hesabu yetu ni nyingine. Katika zile kilo 22 zetu, tengeni kwanza kilo 5 za zawadi, kabla ya kitu kingine chochote, mziandike juu kabisa ya ukurasa. Vitu vyenu wenyewe viingie katika kilo 17 zilizobaki. Haviingii? Toeni kitu. Msiiguse zawadi. Tena igawanyeni katika mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa vizuri, nusu kwa baba, nusu kwa mama, ili mmoja akiteleza nusu nyingine ifike.

Siku moja kabla ya kuondoka vaeni mashanta yenu yakiwa na kila kitu, mwende mpaka kisimani na kurudi mara mbili, mpande na kuteremka. Majirani watacheka. Mkanda unaouma kisimani utakuwa kidonda huko mlimani, na ni rahisi kuushona nyumbani.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena, mwezi ule ule wa tatu. Mimi nilikuwa na kilo 12, mke wangu kilo 9 na nusu. Tulikifikia kile kijito, tukakikuta kimejaa. Tukakaa. Tukafunga nailoni, tukapika, tukalala. Asubuhi tukavuka maji yakiwa chini ya magoti. Mama mkwe alitupokea uwanjani. Alipokea sukari kwa mikono miwili, akaipima kwa mkono, akacheka kidogo. Kisha akatazama nyuma yetu kama mtu anayengoja mpagazi, asimwone. Akaniuliza, "Baba, na ile pasi je, umemwachia nani?"

Kwa wiki ijayo kila mwanafunzi aandike katika daftari vitu kumi ambavyo angechukua yeye na mwenzake kwa safari ya siku mbili, na mbele ya kila kitu aandike uzito, na neno "shirika" au "kila mtu". Wenye mizani waje nayo darasani. Asiye na mke au mume aandike kwa ajili ya ndugu au rafiki anayesafiri naye. Tutazisoma baadhi ya orodha hizo. Kwa herini.